Aliyekula Nasi Nsambya

Mama alikuwa na sheria moja ambayo hata baba hakuivunja: chakula cha jioni tulikula wote pamoja, jua likiwa bado halijazama. Kwa ndugu zetu kule Kisumu wanaume walikula kando, wanawake jikoni. Sisi, katika nyumba ya wafanyakazi wa reli pale Nsambya, ng'ambo ya mpaka, tulizunguka sinia moja la ugali. "Siku hizi nataka kuona kila kichwa kwa macho yangu," mama alisema. Wanajeshi walikuwa wametwaa nchi, na watu walikuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini na wasirudi.

Chumba chetu cha nyuma alikipanga mwalimu kijana wa kutoka Lira. Kaka yake, askari, alipouawa na wanajeshi hao kambini, yeye na wenzake wa kabila lao, mwalimu aliacha kwenda shuleni. Akawa anajifungia ndani, siku nyingine hali kabisa. Mama akamfuata. "Mwanangu, humu hakuna anayekula peke yake. Njoo."

Mwanzoni alikaa ukingoni mwa mkeka, akimega matonge madogo madogo kama mtu anayeogopa kuonekana. Mvua zilipoanza, alikuwa tayari akigombania kichwa cha samaki na mdogo wangu, msichana wa miaka mitano. Mdogo wangu alimwita kaka. Hakuna aliyemfundisha.

Jioni moja tukiwa tunakula, lori lilisimama nje. Tulisikia mabuti kwa jirani, mwanamke akapiga ukelele, kisha mlango wetu ukasukumwa. Waliingia askari wawili wenye bunduki. Mwalimu akaanza kuinuka. Mama akamshika goti, akamkandamiza chini.

"Karibuni chakula, afande."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mkono wake ulibaki juu ya goti la mwalimu.

"Sisi hapana kuja kula," alisema yule mrefu. "Sisi natafuta mutu ya Lira. Iko hapa?"

"Hapa ni watu wa Kisumu, afande. Mimi ni mfanyakazi wa reli," baba alijibu, akatoa kipande chake, kitambulisho cha kazi.

Askari hakukitazama. Alimwelekezea mwalimu mtutu. "Na hii?"

"Mtoto wangu wa kwanza," baba akasema.

Askari akachuchumaa, akamkazia mwalimu macho. Nilijua mwalimu akidaiwa kipande chake kilichoandikwa Lira, tumekwisha sote.

Hapo mdogo wangu akaona nafasi yake. Akanyoosha mkono, akanyakua kichwa cha samaki mbele ya mwalimu. Mwalimu, bila hata kufikiri, akamkamata mkono. "Rudisha! Jana ulikila wewe."

"Kaka mchoyo! Mama, mwambie kaka!"

"Nyamazeni nyote wawili!" mama akakemea, vilevile kama alivyokemea kila jioni.

Askari wa pili akacheka. "Kwangu nyumbani iko hivi hivi." Yule mrefu akainuka polepole, akabeba redio yetu, wakatoka. Lori likaondoka na jirani yetu. Hatukumwona tena.

"Kuleni," mama akasema. Tukala, machozi yakitudondokea, baba naye akilia waziwazi mbele yetu.

Nikisikia watu wakisifu faida za kula pamoja, kwamba watoto hupata adabu na mazungumzo, nakubali. Lakini mimi nakumbuka mkono wa mama juu ya goti lile. Baba alisema uongo, na uongo wake haukutosha. Kilichomwokoa mwalimu ni ule ugomvi, ambao hakuna mtu angeweza kuuigiza.

Siku chache baadaye baba alimficha mwalimu katika treni ya mizigo iendayo Tororo, na kutoka huko mwalimu akavuka mpaka kwa miguu. Jioni ile mdogo wangu aligoma kula, na mama hakumgombeza.

Vita vilivyowaondoa wanajeshi wale vilipokwisha, sisi tukiwa tumerudi Kisumu, mwalimu alikuja kututafuta akiwa na mke wake. Mama alimtazama mlangoni, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," akasema, akaenda kuwasha moto.