Otilia Chiguay ahama na nyumba yake

Alfajiri ya Jumamosi, Otilia Chiguay (61) anang'oa madirisha ya nyumba yake mwenyewe. Anayatoa moja moja, anayafunga kwa shuka na kuyalaza juu ya nyasi kama watoto wachanga. Kisha anachota makaa jikoni kwa koleo, anayatia katika chungu cha chuma na kuyafunika kwa majivu.

“Nyumba inaweza kuvutwa,” anasema, akijipangusa mikono kwenye aproni. “Moto unataka kubebwa.”

Leo nyumba inavutwa hadi juu ya mlima, haina budi. Majira ya baridi yaliyopita bahari iliumega ukingo wa shamba lake hapa kisiwani Lemuy, kusini mwa Chile, hadi safu ya mwisho ya viazi ikabaki ikining'inia hewani. Sasa ukitema mbegu ya tufaha kutoka dirisha la jikoni, inaangukia baharini. Mvua kubwa zikirudi, ukuta wa jikoni utaifuata mbegu.

Kujenga nyingine hawezi. Sufu, viazi na vitunguu saumu humpa kama peso laki tisa kwa mwaka mzima, fedha ambazo mjini hulipa kodi ya chumba miezi michache tu.

Lakini asije mtu akamhurumia. Otilia anakula viazi vyake vya zambarau, anavaa soksi alizofuma kwa sufu ya kondoo wake, anakausha kome kwa moshi na kukamua pombe ya tufaha. Vigae vya mbao vya paa lake amevipasua mwenyewe. Dukani hufuata chumvi, unga, sukari na viberiti. Anayeuita huu umaskini aje ashike shoka lake nusu saa, halafu tuzungumze.

“Tangu mume wangu afariki, sijagonga mlango wa mtu kuomba hata chumvi,” anasema, kidevu juu.

Kidevu hicho ndicho kilichokaribia kumponza.

Nyumba haihami kwa nguvu za mtu mmoja. Inahama kwa minga: majirani wanakuja na maksai wao bila malipo, na mwenye nyumba anawapikia. Lakini sharti waombwe, na kuomba kuna adabu zake. Unaingia, unaketi, unakunywa chai chungu ya kibuyuni kwa mrija, mnazungumza habari za kondoo na mvua. Ombi linakuja mwisho, likiwa limepata joto.

Otilia alizunguka nyumba saba, akapata jozi saba za maksai. Ya nane ilikuwa ya mzee Rosamel Barría, mwenye maksai wenye nguvu kuliko wote. Alifika kwake jioni, viatu vimejaa matope, akasimama mlangoni.

“Ingia, dada, maji yanachemka,” alisema Rosamel.

“Sina nafasi, mzee. Vitunguu vyangu viko nje na mvua inanukia. Jumamosi navuta nyumba. Utakuja?”

“Nimesikia.”

Hapa kisiwani, “nimesikia” si “nitakuja”.

Na kweli, Jumamosi hii Rosamel hayupo. Magogo yamelazwa chini ya nyumba, minyororo imefungwa. Sixto Colivoro, kiongozi wa uvutaji, anapaza sauti, na maksai kumi na wanne wanainamisha vichwa. Nyumba inalia mbao zake zote, inatikisika, inakwenda! Inauacha ukingo wa bahari, inakata shamba la viazi, inafika chini ya mlima.

Hapo inasimama. Ardhi ni laini, magogo yanazama.

“Dada, umeiweka nyumba katikati ya njia,” anapiga kelele jirani yake, Delfina Huenteo, anayechochea moto wa mawe katika shimo la kupikia chakula. “Kesho utatutoza ushuru tukipita?”

Watu wanacheka. Otilia hacheki.

“Jozi saba hazitoshi kwa mlima huu,” anasema Sixto. “Tunamtaka Rosamel mbele. Ikinyeshewa hapa, mama, itazama mpaka madirishani, na hatutaitoa tena.”

“Nilimwomba!”

“Hukumwomba,” anajibu Delfina. “Ulimtangazia kama redio.”

Otilia anaangalia nyumba aliyojengewa mama yake, imeinama matopeni bila macho. Anavua aproni na kuanza kupanda mlima kwenda kwa Rosamel, Delfina nyuma yake.

Kwa Rosamel, safari hii anavua viatu. Anaketi karibu na jiko, anapokea kibuyu, anakinywa mpaka mrija unakoroma. Anapewa cha pili. Wanazungumza habari za matufaha. Cha tatu. Kule chini watu wanangoja, na hakuna anayenung'unika.

“Vile vitunguu vilikauka?” anauliza Rosamel.

“Vilinyeshewa vyote.”

Mzee anacheka mpaka anakohoa, na Otilia naye anashindwa kujizuia. Kisha anaweka kibuyu magotini.

“Mzee Rosamel, nakuomba. Nyumba yangu imekwama, na peke yangu siwezi.”

Rosamel anasimama, anachukua kofia.

“Twende. Maksai wamevaa nira tangu alfajiri. Wamechoka kunitazama nikichungulia njia.”

Jioni nyumba iko juu ya mlima, madirisha yamerudi mahali pake, na makaa ya kwenye chungu yamewasha jiko lilelile. Nje, watu wanamaliza kome, nyama na viazi vya shimoni.

Otilia ana mipango. Katika kiwanja cha zamani atapanda vitunguu saumu mpaka bahari ije kukichukua. “Ikitaka kula, imeze na harufu,” anasema. Mavuno hayo atayauza anunue ndama wawili wa kiume, awafundishe nira.

“Leo nimekula nguvu za watu wanane. Siku yao ikifika, nisiende mikono mitupu.”

Sixto anachungulia, mguu mmoja ndani, mmoja nje. “Mama, nisikuchoshe. Mwaka kesho nataka kulivuta ghala langu, sasa nilikuwa nasema…”

“Usiniambie mlangoni,” anamkata Otilia, akilisukuma benchi karibu na moto. “Vua viatu. Maji yanachemka.”