Mkungu Niliouangusha kwa Mundu

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, shambani kwa mjomba wangu huko Bungoma. Mwanangu, nilikuwa nimerudi majuzi tu kutoka Malaysia na diploma ya kilimo cha michikichi. Mimi, niliyekulia Matisi bila viatu na kujisomesha kwa kuchimba mitaro! Diploma hiyo niliionyesha kila aliyekuja kunisalimia, na sioni haya kusema hivyo.

Mjomba alikuwa na michikichi minne kando ya mto, lakini ni mmoja tu uliokuwa umezaa mkungu mkubwa. Mbegu zake aliwaahidi majirani, wapande kabla mvua haijaisha. Siku hiyo alijifunga kamba kiunoni ili apande aupapase, ajue kama umeiva.

"Mjomba, wacha kupanda bana," nikamwambia. "Siku hizi tunavuna na mundu kwenye mwanzi mrefu. Mtu anabaki chini."

"Ati chini? Haya profesa, vuna tuone."

Niliona matunda machache yameanguka chini ya mti. Kwa elimu yangu, hiyo ilikuwa dalili ya kuiva. Nikavuta mundu mara mbili, mkungu ukaanguka puu! Mjomba hata hakuwa amemaliza kufungua kamba yake. Nikacheka.

Yeye akapasua tunda moja. Kiini kilikuwa majimaji.

"Hii ya chini iliangushwa na tumbili," akasema polepole. "Mimi nikipanda, naishika. Yenye imeiva inaachia yenyewe. Sasa hii hata haiwezi kuota."

Majirani wakafika na mikebe yao. Mjomba akaanza kunifichia aibu: "Tumbili wametuharibia..." Mama Nafula, jirani yake, akatazama pale mkungu ulipokatwa, kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikata bila kuangalia."

Walirudi na mikebe mitupu, na mvua ya mwaka ule ikapita.

Mwanangu, mundu ni mzuri. Ni wa haraka, na hauvunji mtu kiuno. Mpaka leo sivuni kwa kingine. Lakini aliyepanda juu huushika mkungu kwa vidole, na wewe wa chini unakisia. Kwa hiyo uzunguke mti kwanza, umwulize aliyezoea kuukwea, ndipo uinue mkono. Na ukikosea, sema mwenyewe, usimwache mzee akudanganyie.

Mungu akupe elimu kubwa kuliko yangu, na akuwekee karibu mtu wa kukuuliza umeangalia nini.