Oti Zangu na Kuku wa Mzee Shabani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Amani iwe juu yenu, ndugu na majirani wa Kimamba.

Leo asubuhi nimesalitiwa na mtu ninayeswali naye safu moja.

Mimi na Mzee Shabani tuna ugonjwa wa sukari. Daktari alitukataza chapati, nasi tukaahidiana kuziacha. Kila Jumapili naloweka oti, ile nafaka ya uji, kwa maziwa katika makopo kumi, na matano nampelekea yeye, ili Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi zetu ziwe nyepesi.

Naye hunishukuru kwa mayai ya kuku wake.

Leo nimepita kwake bila taarifa. Oti zangu zilikuwa kwenye sufuria uani, kuku wanazidonoa. Mwenyewe yuko barazani, chapati mkononi.

"Karibu, Maalim," akasema, bila haya. "Si unaona wanavyonawiri?"

Mkewe akaangua kicheko. "Na mayai yenyewe ulivyokuwa unayasifu!"

Mimi sikucheka. Mwaka huu tumekwishamzika mwenzetu mmoja kwa maradhi hayo hayo.

Kesho nitakwenda na makopo mawili, wala sitaondoka mpaka la kwake liwe tupu.

Je, nimekosea? Niambieni.

Mungu awajalie afya, ninyi na wote mnaokula nao nyumbani kwenu.