Bima ya Mtaalamu wa Kamba

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na leo sitajifanya kwamba nilimpenda. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, wageni wakimiminika kwenye delta ya mto wetu kutafuta mahali pa kufugia kamba, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibiti. Kwa kuwa nilijua Kiingereza, likizo ile kampuni moja ya Dar es Salaam ikaniajiri nimtafsirie mtaalamu wao. Kwao Ulaya, makazi yake Nairobi, na kila alipotoka Nairobi kwa wiki moja au mbili alikata bima ya safari. Cheti chake alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akautundika shingoni.

Tulipokuwa tunasubiri boti Nyamisati alinisomea cheti kile kwa sauti, kama anayesoma barua ya mchumba. Akiumia, atafuatwa. Akiugua, atarudishwa Nairobi. Mizigo ikizama, italipwa.

"Na mwenye boti je?" nikamuuliza.

Akacheka. "Yeye ana safari gani? Yuko kwao."

Mwenye boti alikuwa mjomba wangu, tumbo moja na mama. Mimi ndiye niliyempatia kazi ile.

Siku ya tatu, huko Salale, mtaalamu akataka kushuka kwenye tope kupiga picha mikoko. Mjomba akatazama maji.

"Mwanangu, mwambie maji yanakupwa. Hapo tope linameza mtu, na kuna samaki taa wamejifukia, mwiba wao una sumu. Angoje kesho, maji yakijaa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mgeni akajibu bila kumtazama: "Mwambie analipwa kuendesha, halipwi kufikiri."

Hilo sikulitafsiri. Nikasema tu, "Anataka leo leo, mjomba." Hadi sasa sijui kwa nini nilimfichia aibu yake mtu yule.

Alishuka. Hatua kumi hazikufika, mguu ukanasa kwenye mizizi ya mikoko, akaanguka, na mfupa wa ugoko ukalia hadi tukausikia botini. Mjomba akakunja suruali, akamfuata, akamng'oa topeni na kumbeba mgongoni. Karibu na boti nikamsikia mjomba akiguta. Taa alikuwa amemchoma juu ya vidole vya mguu. Hakumwangusha mgeni. Alimlaza kwanza ndani ya boti, ndipo akashika ubavu wa boti, akajivuta ndani.

Kwenye kituo cha afya Kibiti waliwekwa kwenye vitanda vilivyopakana. Mtaalamu akanivisha ule mfuko wake. "Kapige simu."

Posta nilizisoma namba za cheti moja moja kwa kupiga kelele, maana laini ilikuwa mbovu. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Gari la wagonjwa litafika asubuhi, kisha ndege hadi Nairobi. Nikamwambia yupo majeruhi mwingine, yule aliyembeba.

"Namba yake ya bima?"

"Hana."

"Basi huyo hatuwezi kumchukua. Pole."

Asubuhi gari likaja, na nesi, na kitanda kimoja safi, na pembeni yake benchi la kukaa watu watatu. Mguu wa mjomba ulikuwa umevimba hadi gotini. Nikamwomba nesi. Nesi akamtazama mgeni, na mgeni akasema hataki matatizo na bima yake. Mlango ukafungwa. Nikaupiga kwa kiganja mara nyingi, nikamtukana mgeni kwa Kiswahili, matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Hakuelewa. Dereva alielewa, akainamisha kichwa.

"Mwache aende, mwanangu," mjomba akaniambia nilipomrudia. "Usijishushe."

Hapo ndipo nikamweleza maneno niliyomficha kule Salale. "Ungenambia pale pale," akasema. "Ningegeuza boti." Akageukia ukutani.

Siku ya nne baada ya gari lile kuondoka tulipata lori la mpunga lililokuwa likienda Dar es Salaam. Kidonda kilikuwa kimeshaoza. Hospitali walimkata vidole vitatu.

Muhula uliofuata, afisa wa kampuni alikuja shuleni na karatasi iliyokwisha kuchapwa, ya mimi kutia sahihi kama shahidi. Ilisema mwenye boti alimpeleka mtaalamu mahali pa hatari bila kumwonya. Kumbe bima ile haimlipi mtu aliyeonywa akakaidi, na mgeni alikuwa bado anadai gharama zake na kamera yake.

"Sahihi tu, mwalimu," afisa akasema. "Likizo ijayo kazi ipo."

Nikaomba kalamu. Akatabasamu akanipa. Nikapiga mstari juu ya maneno yao yote, nikaandika chini: Alionywa. Onyo nililitafsiri mimi. Nikatia sahihi.

Akainyakua karatasi. "Umejiharibia, dada."

"Toka," nikamwambia, na darasa zima likasikia.

Kampuni haikuniita tena. Kama karatasi yangu ilifika kwa wenye bima au iliishia mfukoni mwa afisa, sikuambiwa. Mjomba aliuza injini, akahamia Mohoro kwa wakwe zake kulima mpunga, akichechemea. Mama yangu alinishauri, mara nyingi, nimsamehe mgeni yule nipumue. Nilimwitikia kwa heshima. Sikumsamehe.