Kigae cha Yeriko

Mwaka juzi nilipanda kivuko kwenda Kamanga kumzika mtu aliyenifundisha shule ya Jumapili nilipokuwa mdogo. Kanisa letu la Buswelu lilitoka karibu lote, na wanawake wa kwaya walianza kuimba kabla kivuko hakijaacha gati. Makaburini mchungaji alisema marehemu hakuwahi kuwafundisha watoto jambo asilokuwa na uhakika nalo. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitazama udongo uliorundikwa pembeni mwa kaburi, na machozi hayakuja. Nilimpenda mtu yule kuliko walimu wangu wote. Ngoja nikueleze kwa nini sikuweza kumlilia, maana kati ya waliojua habari yenyewe nimebaki mimi tu.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa, na kila mtu alikuwa na cha kuuza. Sokoni Mkuyuni mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, nasi watoto tukavaa fulana zenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Kando ya ziwa vilikuja viwanda vya minofu. Minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na mapanki, vichwa na mifupa yenye nyama kidogo, yaliyokaangwa kwenye mapipa yaliyokatwa katikati. Mkaangaji wa mapanki alikuwa jirani yetu. Jioni upepo ukivuma kutoka kwake, nguo zetu kwenye kamba zilinuka samaki, na bibi alilalamika huku akinituma nikanunue.

Buswelu ya wakati ule ilikuwa mashamba kuliko nyumba. Mama alifanya biashara mjini na kurudi mwisho wa juma, kwa hiyo nililelewa na bibi. Kwake nilijifunza kukata viazi vitamu na kuvianika juani viwe michembe, kuchambua dagaa, na kusikiliza. Alikuwa mtu wa Ukerewe, na tulipokuwa jikoni alinihesabia wazee wake mmoja baada ya mwingine: nani alimzaa nani, nani alivuka maji kwa mtumbwi mwaka wa njaa, nani alizikwa chini ya jiwe lipi. Akimaliza alisema, "Ni kweri kabisa," kwa r, kama walivyosema watu wa kwao.

Mwalimu wetu wa Jumapili alikuwa karani wa kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Hata baada ya hapo alikuja kanisani na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Hakupaza sauti. Mtoto akiuliza jambo, aliinama mpaka macho yao yakutane. Ndiye aliyenifundisha kusoma Biblia mbele ya watu bila kuchanganya l na r, na niliposoma vizuri alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia wimbo. Kwa tabia ile tu ningemfuata popote.

Ukutani alibandika kalenda ya zamani yenye picha za nchi ya Biblia, wanaume wenye kofia wamesimama ndani ya mashimo makubwa. Siku moja alikuja na kigae cha chungu, kipana kuliko kiganja chake. Upande mmoja kilikuwa cheusi kwa masizi, upande wa pili kilichorwa mistari iliyolala kama mifupa ya samaki. Alisema wanaochimba kule Yeriko wanaokota vigae kama hiki, na kwa vigae hivyo wamejua kwamba mji ulikuwepo na ukuta wake ulianguka kweli. Kisha akatufundisha maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Kitabu kilichosema kweli juu ya ukuta, kimesema kweli juu ya mbingu." Tuliyarudia kwa sauti mpaka popo wakaruka darini.

Kipindi hicho ndipo kanisa la turubai lilipofunguliwa kando ya barabara. Lilikuwa na jenereta, kinanda na video. Watoto wakaanza kuhamia huko, kwanza wakubwa, halafu wadogo zao. Na mjini kulikuwa na mihadhara. Wahubiri wa dini mbili walisimama uwanjani na vipaza sauti, kila upande na kitabu chake, watu wamejaa kama kwenye mpira. Mama alinipeleka mara moja. Nilimsikia mhubiri wa upande wa pili akisema kwamba kitabu chao nacho kinataja watu wa kale walioangamizwa, na nyumba zao bado zinaonekana zimechongwa kwenye miamba, anayetaka akatazame. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Kumbe nao wana mji wao.

Jumamosi, tulipokuwa tunafagia kanisa, nilimuuliza mwalimu. Ikiwa wao wana miamba na sisi tuna ukuta, tutajuaje kitabu kilichotoka kwa Mungu? Aliuegemeza ufagio ukutani, akakichukua kigae. Uso wake ulikuwa umechoka. Halafu akasema, "Wao wana maneno. Sisi tunacho hiki, kilichotoka Yeriko."

Sikuona kwamba lile neno "kama" la "vigae kama hiki" limedondoka. Nilichosikia ni kwamba tulikuwa tumeshika mkononi kitu cha siku zile.

Tangu hapo kigae kikawa cha Yeriko kweli. Kiliwekwa ndani ya kopo la biskuti lenye kitambaa. Mkutano wa hadhara ulipofanyika kwenye uwanja wetu wa Buswelu, mwalimu alinichagua mimi nipande jukwaani nacho. Nilivaa gauni la mtumba ambalo bibi alilipunguza kiunoni. Nilisimulia habari za ukuta, nikainua kigae juu, na nikasema maneno yale ya ukuta na mbingu. Bibi alikuwa amekaa mbele, kanga yake kichwani. Nilipomtazama alitazama chini, nami nikadhani anasali.

Tuliposhuka, jirani yetu wa mapanki alikuja. Mtoto wake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na alikuwa amezunguka kwa waganga mpaka amekata tamaa. Aliomba ashike kigae. Alikiweka shavuni na kulia, akasema sasa ameamini. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, na hakuacha tena.

Mvua za vuli zilipoanza tulitengeneza matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Jembe langu liligonga kitu. Nikachimbua kwa mikono, nikatoa kigae. Nilikisugua kwa maji ya ndoo, na mistari ikajitokeza, mifupa ya samaki, ileile. Nataka uamini kwamba nilifurahi. Nilidhani nimegundua jambo kubwa, labda watu wa Yeriko walifika hata huku kwetu. Nilikimbia mpaka kanisani na matope yangu miguuni, nikafungua kopo, nikaviweka vigae viwili sambamba ili nimwonyeshe mwalimu.

Mistari iliendelea kutoka kimoja hadi kingine. Nilivisogeza, na ukingo wa kile changu ukaingia kwenye ukingo wa kile cha kopo bila kuacha nafasi.

Mwalimu alinikuta nimevishika hivyo. Hakuniuliza nimefanya nini. Alikaa kwenye benchi, akanieleza kwa sauti yake ileile ya upole kwamba mji ule upo, wasomi wameuchimba, yeye hakuuzua. Alisema watoto hawashiki jambo wasiloliona, na kwamba kanisa lilikuwa linabaki tupu.

"Ulisema kimetoka Yeriko," nikamwambia.

"Yeriko ipo, mwanangu."

"Hata Buswelu ipo, mwalimu."

Alichukua kigae chake, akakifunga kwenye kitambaa, akanisihi nisiseme. Aliinama mpaka macho yetu yakakutana, kama siku zote.

Nilimkuta bibi jikoni anachambua dagaa. Nikaweka kigae changu juu ya ungo. Alikitambua kabla sijafungua mdomo. Kilikuwa kipande cha chungu cha mama yake, kilichovunjika walipohamia Buswelu, mimi nikiwa bado mgongoni. Vipande vingine alivitupa shambani, kikubwa akakiweka cha kupalia moto akienda kuomba makaa kwa majirani. Mwalimu alikuja kumwomba kitu cha zamani cha kuwaonyesha watoto, naye akampa. Alipokuwa akisikia habari inakua Jumapili hadi Jumapili, alinyamaza.

"Ulikuwepo uwanjani, bibi. Ulinisikia."

"Nilikusikia, mama. Ulisema vizuri."

Sijui kama nimewahi kuumizwa na sifa namna ile. Nilimwambia nitakwenda kwa jirani nimweleze. Bibi aliendelea kutoa mawe madogo kwenye dagaa. Mtoto wa jirani alikuwa ameanza kupata nafuu. Mama yake alikuwa anaimba huku akikaanga, na sauti yake ilitufikia pale tulipokaa.

"Ukimwambia," bibi akasema, "utampa nini badala yake?"

Sikuwa na cha kumpa. Sikwenda.

Jumapili mwalimu alifungua kopo kama kawaida, akaniita mbele nikishike. Nilibaki nimekaa. Alisubiri kidogo, kisha akamwita mtoto mwingine. Akaanza habari ya Yeriko tangu mwanzo, na alipofika mahali pa kigae alinitazama bila hasira wala aibu, kama mtu anayejua amekabidhi siri mahali salama. "Hiki," akasema. Bibi alikuwa upande wa wanawake, jirani yuko ubavuni mwake. Wote wawili waliitikia amina.

Kanisa la turubai lilichukua watoto hata hivyo. Mwalimu alirudi kwao ng'ambo, Kamanga, akalima, na kigae sijui kiliishia wapi. Jirani bado anasali palepale na wajukuu zake, mtu mwenye furaha kuliko mimi. Nilipokuwa mkubwa nilisoma kwamba hata waliochimba Yeriko hawakubaliani juu ya ukuta ule, ulianguka lini na kwa sababu gani. Wenzangu wengine walitikiswa na habari hiyo. Mimi haikunisumbua. Hata ungekutwa umelala vilevile ulivyoandikwa, ungetuambia kwamba ukuta ulianguka. Nani aliuangusha, udongo hausemi. Mwalimu alikuwa na imani kubwa, nadhani hivyo mpaka leo, na bado hakuamini kwamba mimi ningeweza kuwa nayo bila kigae.

Siku hizi nyuma ya nyumba yetu kuna duka la vifaa vya ujenzi, na furu, wale samaki wadogo ambao bibi aliwachemsha kwa limau, hawaonekani tena sokoni. Lakini ninachokikosa zaidi ni kingine. Baada ya siku ile bibi aliendelea kunihesabia wazee wake jikoni, nami nikaanza kumkatiza. Umejuaje? Nani alimwona akivuka? Jiwe lenyewe uliliona wewe? Mwanzoni alinijibu. Baadaye akawa ananitazama kwanza kabla ya kuanza, anasita, anasema amesahau, anaongelea viazi. Mwisho akaacha kabisa, na neno lile la "ni kweri" sikulisikia tena kinywani mwake mpaka tunamzika.

Wanangu sasa wamefika umri wa kuuliza tumetoka wapi. Namtaja mama, namtaja bibi, namtaja baba yake bibi, nanyamaza. Wengine walivuka maji mwaka wa njaa. Majina yao siyajui.