Bamba la Kuliwa

Shule niliiacha mwaka wa ine wa primaire, na leo sufuria nyingi za mtaa wetu wa Ndosho zimetoka mikononi mwangu. Ninayeyusha aluminiumu ya kuokota, ninaimwaga katika kalibu ya mchanga. Nyumba yangu nilijenga kwa kuuza sufuria. Haya ninayaandika ili enjeniere mumoja ayasome.

Alikuwa anafanya kazi kwa mama mumoja mwenye oteli kando ya ziwa. Maji ya jikoni na ya kufulia yalijaa katika kidimbwi nyuma ya oteli, kikaota ukijani mzito, kikanuka hadi wageni wakahama. Siku nilipomupelekea sufuria, nilimwambia yule mama: mabaki na sabuni ndiyo chakula cha ule ukijani. Tuzamishe mabamba ya aluminiumu ndani ya tanki la yale maji, tuyapitishie kuran, umeme wa batri. Kwangu nilikuwa nimejaribu ndani ya pipa: uchafu unashikana, unashuka chini kama uji.

Enjeniere akageuza bamba langu la majaribio, limetoboka-toboka.

"Muzee, hii inaliwa na maji! Mimi ninaweka inox, chuma kisichoshika kutu, hailiwi hata miaka kumi. Rudi kwa bamama zako wa kupika fufu."

Walinzi wakacheka. Nilibeba bamba langu kichwani hadi Ndosho, kwa miguu.

Kweli, inox yake haikuliwa. Ikatoa mapovu tu, kwa sababu kinachoshika ule uchafu ni aluminiumu yenyewe inapoyeyukia majini. Kidimbwi kikazidi kunuka. Mama akampa wiki mbili za kukisafisha, la sivyo atafute kazi kwingine.

Enjeniere akaja kwangu, viatu vinang'aa. Nikamwonyesha jiwe la volkano pa kukaa, juani. Nikahudumia bamama wote waliokuja kununua sufuria, hata waliofika nyuma yake, majivu ya moto wangu yakimwangukia mabegani.

"Papa, mimi nimemutangulia huyu mama."

"Hawa si ndio bamama zangu wa fufu?"

Mama mumoja akauliza, "Na huyu anataka sufuria gani?"

"Aseme mwenyewe. Kwa sauti."

"Mabamba," akasema. "Ya aluminiumu. Ya... ya kuliwa."

Wakacheka hadi mumoja akakaa chini na sufuria yake.

Nilimtengenezea mazuri, sikumwibia hata unene wa ukucha. Kidimbwi kilisafika, kazi yake ikabaki. Kila bamba nililipiga alama ya kidole gumba changu, kama sufuria zangu zote. Maji yanakula ile alama, yanakula na bamba, halafu enjeniere anarudi. Jiwe lake liko palepale, juani. Nimekataza mutu asilisogeze kivulini.