Siku Nilipoipima Spika ya Besi

Nilipoomba kazi katika duka la redio la Bwana Jayanti, Kisii mjini, nilimwambia nimesomea spika Nairobi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nauza ndizi Nyamache.

Juma la kwanza tu, mwalimu wa kwaya kutoka Nyaramba alikuja kununua spika kubwa ya besi. Bosi akanipa sidii ya kuipimia, akaingia stoo. Nikaiweka kwenye mashine. Kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Bado kimya.

“Mwalimu, hii imekufa,” nikasema kama fundi mkuu.

Mara sakafu ikaanza kutetemeka, na vioo vya madirisha vikalia. Nikajua dunia inaisha. Bosi alipotoka stoo, nilikuwa nimeshapiga magoti. Nikamshika miguu.

“Bosi, nisamehe kabla hatujafa. Sijasomea spika. Hata Nairobi sijawahi kufika.”

Bosi alinyoosha mkono juu ya kichwa changu, akazima mashine. Tetemeko likakoma papo hapo.

“Huo wimbo huanza kwa kimya kidogo,” akamwambia mwalimu. “Hiyo sasa ndiyo besi.”

Mwalimu akafungua mkoba wake. “Nitaichukua,” akasema, “lakini asije huyu kuniunganishia.”